Faili Lililogoma Kufunguka

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, nikukumbushe kwa ufupi.

Nilikuwa katibu wa jengo la ofisi, jengo refu lenye lifti moja tu. Asubuhi moja fundi wa lifti alinifuata mezani akaniambia breki zimekwisha, lifti isitumike mpaka arudi na vipuri. Nikampigia Meneja simu. "Katibu, mambo ya jengo andika, usinipigie," akasema, akakata. Nikamwandikia barua pepe.

Mchana ule lifti ikaporomoka na mtu ndani yake. Alikuwa msafishaji wetu, mama wa makamo ambaye jengo zima tunamwita Mama Sabuni. Nyonga ikavunjika.

Meneja akasema hakupata barua yoyote. Nikasimamishwa kazi, akaunti yangu ya ofisi ikafungwa siku hiyohiyo, na mpelelezi akaniambia kwa upole unaotisha: "Leta hiyo barua. Usipoileta, mzembe ni wewe."

Kilichobaki ni laptopu yangu mwenyewe, niliyokuwa nafanyia kazi za ofisi. Ndani yake mlikuwa na faili moja kubwa lenye nakala ya barua zote, ili niweze kuzisoma hata mtandao ukikatika. Nikaifungua, na faili likagoma.

Hapo ndipo nilipowaacha. Nilidhani mkosi umefika mwisho wake, kumbe ulikuwa unavaa viatu.

"Lete hapa," shemeji alisema. "Kitu kidogo hicho."

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Tangu nisimamishwe naishi kwao, nalala sebuleni, kwa hiyo akisema lete, naleta.

Ni mtu mwema, ila ni mjuaji. Mara ya mwisho alitengeneza pasi ya dada, na tangu siku ile pasi hiyo kazi yake ni kuzuia mlango usijifunge.

Akatazama video kwenye simu yake, tena nusu. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kikatokea kiduara kinachozunguka. Shemeji akakunja mikono kama daktari aliyemaliza upasuaji.

Skrini ikafunguka, nyeupe, safi.

"Si nilikwambia?"

Nikasogea nisome. Iliandikwa: Karibu. Huna ujumbe wowote.

"Shemeji, barua ziko wapi?"

"Zitakuja."

"Zitoke wapi, na akaunti imefungwa?"

Akakuna kidevu. Dada akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Umefanya nini?"

"Sijagusa kitu."

"Wewe hata redio ukiishika inakohoa! Mtoto wa watu anataka kufungwa, wewe unamchezea ushahidi?"

Sikuweza kuvumilia. Nililia kama mtoto, pale pale kwenye kochi ninalolalia, shemeji ananipa kitambaa, dada anamnyang'anya kile kitambaa na kunipa cha kwake.

"Nyamaza," dada akasema. "Juu ya duka la washona nguo kuna mwanamke anafufua kompyuta. Wanamwita Mkunga. Mnakwenda sasa hivi. Na wewe, baba watoto, utaibeba hiyo laptopu na mkono wako hautagusa hata kitufe kimoja."

Chumba cha Mkunga kilikuwa kidogo, kina dirisha moja na feni inayolalamika. Kompyuta zilikuwa zimepasuliwa matumbo kila mahali. Sakafuni ulisikia mtetemo wa cherehani kutoka chini.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, miwani juu ya paji la uso. Hakutuuliza hata majina.

"Nani ameigusa?"

Shemeji akaangalia dari.

"Nauliza ili nijue uharibifu umeanzia wapi. Simpeleki mtu polisi."

"Mimi," shemeji akasema, sauti imepungua nusu.

"Ulibonyeza kurekebisha?"

"Kidogo."

"Kurekebisha hakuna kidogo, baba." Akaizima laptopu, akaigeuza chali, akashika bisibisi. "Kaeni pale."

Tukakaa.

"Dada," akaniambia huku anafungua skrubu, "programu imekutengenezea sanduku jipya, tupu. Lile la zamani huenda bado lipo, limesukumwa pembeni. Lakini lina maradhi mawili. Kwanza, lilifungwa pamoja na akaunti yako ya ofisi. Akaunti imekufa, kwa hiyo ni kufuli ambalo ufunguo wake umetupwa. Pili, limeumia. Hii diski ina sehemu zimeoza, na faili lako limelala juu yake."

"Litapona?"

"Sijui. Nitatoa nakala yake kwanza, nifanye kazi kwenye nakala. Lenyewe siligusi. Nikikosea, niwe nimekosea kwenye kivuli."

Shemeji akameza mate. Alikuwa amekosea kwenye mwili wenyewe.

"Na jambo moja," Mkunga akaongeza. "Kitakachotoka ndicho kitakachotoka. Watu huja hapa wakitaka mtoto wa kiume. Mimi nazalisha tu, sichagui."

Nilicheka kwa adabu. Sikujua anachonionya.

Nakala ile ilitambaa. Mstari wa kijani ukasogea, ukasimama, ukasogea, ukasimama tena mpaka nikahisi ni pumzi yangu ndiyo imesimama. Mwishowe Mkunga akatufukuza. "Mnaiwekea mkosi na hayo macho. Njooni kesho."

Tukiwa njiani nilimwacha shemeji nikapitia hospitali kumwona Mama Sabuni.

Ninyi hamumjui Mama Sabuni. Ni mtu ambaye ukikanyaga sakafu yake ikiwa mbichi anakutukana, halafu mchana anakuletea chai. Miaka yote alikuwa ananiita mwanangu. Sasa amelala mguu ukiwa umening'inizwa, uso umekonda, na bado kabla hata sijamwamkia aliniuliza:

"Imepatikana?"

"Bado, mama."

"Ipo. Nakwambia ipo." Akawageukia wagonjwa wenzake. "Huyu ndiye yule niliyewaambia. Aliandika! Huyu mtoto aliandika, yule bwana anamkana."

Wodi nzima ikanitazama kwa huruma. Nikatoka pale kifua mbele. Kama mtu aliyevunjika nyonga ananiamini, mpelelezi ni nani asiniamini?

Kesho yake nilifika kwa Mkunga kabla hajafungua. Shemeji naye akaja, hakualikwa na mtu.

"Nakala imetoka," Mkunga akasema. "Si yote. Kuna vipande diski imekataa kabisa kuvitoa."

Akaanza. Mara ya kwanza yakatoka majina ya mafolda, yamepangika vizuri kama ofisini, lakini kila ukifungua moja, ni hewa. Mara ya pili zikatoka barua, ila zimechakaa: alama za kuuliza, visanduku, herufi zisizosomeka, barua hazina mwandishi wala tarehe. Shemeji akafungua mdomo atoe ushauri. Mkunga akamwangalia. Akaufunga.

Mara ya tatu nikaona jina langu.

"Hizo! Hizo ni zangu!" Nilisimama hadi kiti kikaanguka.

Zilikuwa barua nilizotuma, zinashuka kwenye skrini moja baada ya nyingine. Barua za maji, za umeme, za mpangaji anayepika ofisini. Mkunga akashuka hadi siku yenyewe.

Kulikuwa na barua kwa muuza maua. Kulikuwa na barua kwa mlinzi mkuu kuhusu wageni wa Meneja watakaokuja mchana.

Ya lifti haikuwepo.

"Shuka tena," nikasema.

Akashuka tena, akapanda. Haikuwepo.

"Uliandika kweli?" Mkunga aliuliza, bila ubaya wowote.

"Niliandika! Naikumbuka neno kwa neno!"

"Basi huenda imo kwenye kipande kilichooza. Nipe muda. Nenda kavute hewa."

Nikashuka ngazi, nikakaa kwenye kidato cha chini, kando ya mlango wa washona nguo. Kichwani sauti ikaanza kunong'ona. Je, kama sikuandika? Je, kama nilikusudia tu? Mtu anaweza kulikumbuka jambo ambalo hakulifanya?

Simu ikaita.

"Katibu! Habari za siku nyingi?"

Alikuwa Meneja. Sauti yake laini kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Salama, bosi."

"Nasikia unahangaika na mafundi. Dada yangu, kwa nini ujitese? Sisi ni watu wa nyumba moja. Nakuambia kitu cha kukusaidia."

"Kitu gani?"

"Mwambie mpelelezi ulikusudia kuandika ukasahau. Basi. Kusahau si dhambi, kila binadamu anasahau. Kampuni itasema imekusamehe, na Jumatatu unarudi mezani kwako. Kiti chako sijampa mtu."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Upo?"

"Nipo, bosi. Nipe mpaka jioni."

"Jioni ni mbali, lakini sawa. Wewe ni mtu mwelewa."

Akakata. Mimi, ndugu msomaji, sitakuficha. Nilianza kulifanyia mazoezi lile neno. Nilisahau. Nilisahau, afande. Nilijaribu kulisema kwa masikitiko, nikajaribu kulisema kwa haraka. Mshona nguo mmoja akanichungulia mlangoni akidhani naongea naye.

Ghafla dirisha la juu likafunguka kwa kishindo. Kichwa cha shemeji kikatokea.

"Dada wee! Panda! Imepatikana!"

Sijui nilizipandaje zile ngazi. Nilijikwaa, kiatu kimoja kikabaki nyuma, sikukirudia.

Barua ilikuwa kwenye skrini. Yangu. Nzima, bila hata herufi moja iliyoharibika. Fundi wa lifti amesema breki zimekwisha. Naomba ruhusa ya kuifunga lifti sasa hivi kabla mtu hajaumia. Nimeambatisha picha. Tarehe ile, asubuhi ile, saa ileile niliyomwambia mpelelezi.

Nilimkumbatia shemeji. Shemeji akapiga ukelele ambao ulisimamisha cherehani za chini. Nilicheka, nikalia, nikamshika Mkunga mikono nikataka kuibusu.

Yeye alikuwa hacheki.

"Dada, kaa."

"Siwezi kukaa!"

"Kaa. Umesoma imeandikwa nini. Sasa soma imo wapi."

Akaweka kidole juu ya skrini, pembeni, penye majina ya mafolda. Nikafuata kidole. Lile folda lililokuwa limewekewa rangi halikuwa la zilizotumwa.

Zinazosubiri Kutumwa.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake haikutoka."

"Nilibonyeza kutuma!"

"Ulibonyeza. Angalia, imejaribu, imeshindwa, imejaribu tena. Picha hizi uliweka ngapi?"

"Zote. Breki kwa mbele, kwa nyuma, vyuma vilivyolika, zote alizonipa fundi. Sikutaka apate pa kuponyokea."

"Ni nzito kama mawe. Na mtandao wa siku ile ulikuwaje?"

Ulikuwa wa kusuasua. Nilikumbuka sasa. Nilibonyeza kutuma, barua ikatoweka mbele ya macho yangu, nikaamini imekwenda. Nikafunga laptopu, nikakimbilia ghorofa ya juu kuandaa chumba cha wageni. Mchana lifti ikaanguka. Jioni akaunti ikafungwa. Barua ikabaki humo ndani, inasubiri.

Meneja hakuwa ameikana barua yangu. Hakuipata kweli.

Nilikaa. Sikujua hata kiti kimetoka wapi.

Shemeji akakohoa.

"Sasa... kwani ni lazima ikae humo? Si uivute tu, uitupie kule kwenye zilizotumwa? Kitu kidogo hicho."

Mkunga akaendelea kutazama skrini.

"Nauliza tu. Inawezekana au haiwezekani?"

"Inawezekana," Mkunga akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Laptopu ni ya dada huyu. Faili ni lake. Mkono wangu hautaivuta. Lakini nikienda kunywa maji hapo nje, sitajua nani amefanya nini."

Akasimama. Akatoka. Akaurudisha mlango taratibu.

Nikabaki na shemeji na ile skrini.

"Fanya," shemeji akanong'ona. "Yule mtu angekufunga wewe bila hata kupepesa. Hukuandika? Si umeandika? Mkosaji ni mtandao."

Nilishika kipanya. Nakuambia ukweli, nilikishika. Mshale ukasogea juu ya barua. Ilibaki kuivuta tu, umbali wa kidole.

Ila niliwaza Meneja akiapa kwamba hakupata kitu, na safari hii anaapa kweli. Mimi ndiye nitakuwa nimesimama pale na uongo. Nilimchukia mno yule bwana. Kumfanya awe mkweli mbele yangu, hapana, hilo lilinishinda.

Nikaachia kipanya.

"Shemeji, twende."

"Twende wapi?"

"Mimi nakwenda hospitali. Kabla ya mpelelezi kuna mtu anayestahili kusikia kwanza."

Nilimpigia mpelelezi njiani. Nikamwambia faili limefunguka, jibu ninalo. Akasema vizuri, naye alikuwa na maswali ya kumuuliza Mama Sabuni, tukutane wodini.

Nikafika kabla yake.

"Imepatikana?" Mama Sabuni akauliza kama kawaida.

"Imepatikana, mama."

"Alhamdulillah!" Akapiga kofi moja juu ya shuka. "Jamani imepatikana! Si niliwaambia?"

Wodi ikashangilia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akanipa hongera. Nikavuta stuli, nikakaa karibu kabisa na mto wake.

"Mama, nisikilize. Imepatikana, lakini haikutoka. Niliiandika, nikaituma, ikakwama ndani ya kompyuta yangu. Meneja hakuisoma. Hakujua."

Nilitegemea atanilaani. Nilikwisha kujiandaa, nimeinamisha kichwa.

Hakunilaani. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikukielewa. Kama mtu aliyekuwa ameegemea ukuta, ukuta ukaondolewa.

"Haikutoka," akasema.

"Haikutoka. Nisamehe, mama."

"Kwa hiyo barua haiwezi kusema kwamba alijua."

"Haiwezi."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka bila sauti, yakaingia masikioni.

"Mwanangu," akasema polepole, "asubuhi ile, wewe si uliniambia nipande kwa ngazi?"

"Nilikuambia."

"Mbona hujaniuliza hata siku moja kwa nini niliingia kwenye lifti?"

Ni kweli. Kumwuliza mtu aliyevunjika nyonga kwa nini alikaidi niliona ni kumwongezea maumivu.

"Yeye ndiye aliyenituma," akasema. "Alifika mchana, kwa mlango wa nyuma. Akanikuta na ndoo mbili naanza ngazi. Akaniambia nitumie lifti, wageni wako njiani, juu bado kuchafu. Nikamwambia, 'Bosi, Katibu amesema lifti mbovu, breki hazipo.' Kwa mdomo wangu huu. Akasema, 'Katibu si fundi. Ingia.' Nikaingia."

Nikaisogeza stuli mbele zaidi.

"Mama! Kwa nini hukusema?"

"Alikuja hapa. Wiki ile ya kwanza, na matunda. Akakaa hapo ulipokaa wewe. Hakunitisha, hapana, aliongea vizuri tu. Akaniuliza habari za mwanangu. Akasema kampuni inahitaji dereva." Akajipangusa kwa ncha ya shuka. "Tangu amalize shule yule kijana anazunguka na vyeti vyake mpaka bahasha imetoboka. Kesho yake akaandikwa kazi."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Lakini nilikuwa naomba barua yako ipatikane, usiku na mchana. Ikipatikana, itasema yenyewe kwamba alijua. Wewe unapona, na mimi sifungui mdomo."

Sasa nikaelewa zile "ipo, nakwambia ipo." Nilidhani ananipa moyo. Kumbe alikuwa anaomba kuokolewa.

"Mama, mpelelezi anakuja. Yuko njiani."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa sabuni za miaka yote ile.

"Usiniulize mbele yake. Nakuomba. Ukiniuliza mbele yake nitasema sikumwambia Meneja kitu, nikuumize bure."

Kabla sijamjibu, pazia likasogezwa. Kijana akaingia na chupa ya chai na mfuko wa nguo safi. Alikuwa amevaa shati la kampuni, jipya, mikunjo ya kiwandani bado ipo, funguo za gari zinaning'inia kiunoni.

"Shikamoo dada. Mama, umelala?" Akacheka. "Leo nimeendesha lile gari kubwa. Peke yangu."

"Vizuri, baba," Mama Sabuni akasema. Hakuuachia mkono wangu.

Na nyuma ya kijana, mpelelezi.

Alisalimia wodi nzima kwa heshima. Akavuta kiti, akakiweka upande wa pili wa kitanda, akakaa, akatoa kalamu.

"Katibu. Umesema faili limefunguka."

"Limefunguka, afande."

"Barua ipo?"

"Ipo."

Kijana akamimina chai, akijitahidi kutopiga kelele na kifuniko. Kitanda cha pili walikuwa wanasikiliza.

"Ilitumwa?"

Nilihisi vidole vya Mama Sabuni vikinibana. Sikumtazama. Nilimtazama mpelelezi usoni.

"Haikutumwa. Ilikwama. Fundi wa kompyuta anayo nakala yake, unaweza kwenda kuiona ilipo."

Kalamu ikaandika. Ilichukua muda mrefu kuandika maneno machache vile.

"Basi Meneja hakuwa na habari," akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu. "Hakuna mtu mwingine aliyemwambia." Akamgeukia mgonjwa. "Au yupo, mama? Kuna mtu yeyote unayemjua aliyemwambia Meneja kwamba lifti ni mbovu, kabla haijaanguka?"

Niliuma meno nisiseme neno.

Mama Sabuni alikuwa amefumba macho. Kwa muda nilidhani amelala kweli, au anajifanya. Kijana akainama na kikombe mkononi.

"Mama? Afande anakuuliza."

Akafumbua macho. Hakunitazama mimi, wala mpelelezi. Alimtazama mwanawe, akaanzia usoni, akashuka polepole mpaka kwenye lile shati jipya, akabaki hapo.

Kisha akauachia mkono wangu.

"Weka hicho kikombe chini, baba," akasema. "Niinue mto. Nataka kukaa."